Mitaa ya Lamu Kabla ya Jua Kupanda

Mji wa Kale wa Lamu, ulioko upande wa mashariki wa kisiwa cha Lamu katika pwani ya kaskazini ya Kenya, ni miongoni mwa miji michache ya Afrika Mashariki ambayo njia zake zilipimwa kwa bega la mtu na mzigo wa punda, na ndiyo maana mpiga picha anayeingia humo kabla ya jua kuchomoza hukabiliwa na masuala ya mwanga, ya vipimo na ya adabu ambayo vitabu vingi vya fani hii, vilivyoandikwa kwa kufikiria miji yenye barabara pana na mapambazuko marefu, havimwandai kuyatatua. UNESCO iliuingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na katika picha nyingi zinazouzwa kwa wasafiri vichochoro vyake huonekana vitupu kabisa, kiasi kwamba mtazamaji ambaye hajafika huko angeweza kudhani wenyewe wamehama. Sura hii inashikilia kwamba mtaa wa Lamu wakati wa alfajiri una watu wake, kazi zake na haki zake, na kwamba picha nzuri ya saa hiyo ni ile inayomwezesha mtazamaji kufahamu ni kwa nini mtaa umetulia na ni nani anayeutumia utulivu huo.

Mtaa mtupu una historia ndefu katika upigaji picha, na sehemu ya historia hiyo imetokana na udhaifu wa vyombo vyenyewe. Mwaka 1838, Louis Daguerre alipoielekeza kamera yake dirishani kuitazama barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, bamba lake la fedha lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, na kwa hiyo wapita njia na magari ya farasi hawakuacha alama yoyote. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja tu, ambaye alikuwa amesimama mahali pamoja akisafishiwa viatu. Barabara iliyojaa watu ikatoka katika picha kama iliyohamwa. Miongo kadhaa baadaye Eugène Atget, aliyeipiga picha Paris kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1927, alitumia mabamba ya kioo yenye ukubwa wa sentimita 18 kwa 24 na mara nyingi alifanya kazi mapema asubuhi, akiweka kumbukumbu za majengo ya zamani na kuwauzia wasanii, maktaba na majumba ya makumbusho. Waliokuja baada yake waliona upweke katika picha hizo na wakauiga, hata pale ambapo kamera zao zingeweza kumnasa mpita njia kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hivyo kile kilichokuwa kikwazo cha kifundi kikageuka kuwa mtindo unaofuatwa bila kuulizwa sababu.

Katika pwani ya Waswahili mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Zanzibar ilikuwa na studio za picha katika karne ya 19, zikiwemo za A. C. Gomes na za akina Coutinho, na Lamu yenyewe baadaye ilimpata Omar Said Bakor, mpiga picha aliyejifunza mwenyewe na kuendesha Bakor Studio, akijulikana kwa picha alizozikata na kuziunganisha upya ili kujenga taswira isiyopatikana kwa kubonyeza kamera mara moja. Ndani ya studio, anayepigwa picha ndiye aliyechagua nguo, mkao na pazia la nyuma, naye aliondoka akijua picha yake itakwenda wapi. Mtaa, kinyume chake, uliachiwa zaidi macho ya mgeni, na tofauti hii bado inaonekana: mwenyeji huwa na albamu ya harusi na Idi, ilhali mgeni huondoka na picha za milango na kuta. Mpiga picha wa alfajiri anapaswa kulifahamu hilo kabla hajaitoa kamera mkobani, kwa kuwa anaingia katika sehemu ya maisha ambayo wenyeji wenyewe hawakuzoea kuiweka mbele ya lenzi.

Ili mwanga wa Lamu ueleweke, ni lazima kwanza ieleweke namna mji ulivyojengwa. Kuta za nyumba za kale ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na kupakwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, ambayo urefu wake unaofaa kwa ujenzi huufanya upana wa chumba usizidi mita 3 kwa kawaida. Nyumba nyingi ni za ghorofa moja au mbili, zimesogeleana sana, na nje ya mlango mkubwa huwa na daka, ambalo ni kibaraza kilichoingia ndani kidogo na kuwekewa viti vya mawe pande zote mbili, mahali ambapo mwenye nyumba huwapokea wageni asiowaingiza ndani. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kilichojengwa kama daraja kutoka nyumba moja hadi ya pili, ambacho kiliwawezesha wanawake wa jamaa moja kutembeleana bila kushuka mtaani. Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na ufuo, ulikuwa karibu zaidi na maji kabla ya ardhi ya mbele kufukiwa na kujengwa katika karne ya 19, na kutoka humo njia nyembamba hushuka kuelekea baharini zikifuata mteremko, zikipeleka pia maji ya mvua.

Mpangilio huo ndio unaoamua mwanga utafika wapi na saa ngapi. Katika kichochoro kinachokwenda kaskazini na kusini, ukuta wenye kimo cha mita 8 ukisimama kando ya njia yenye upana wa mita 2 hulizuia jua kufika chini kote hadi lipande kiasi cha digrii 75 juu ya upeo, jambo ambalo hutokea karibu na adhuhuri. Kwa maneno mengine, njia kama hiyo haipati jua la asubuhi hata kidogo, na mwanga wote unaoonekana humo ni wa kurudishwa, yaani mwanga uliogonga kwanza mbingu au sehemu ya juu ya ukuta kisha ukashuka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili huku ukipungua. Chokaa nyeupe huurudisha kwa wingi, mawe ya matumbawe yaliyoachwa wazi huunyonya na kuufanya wa kijivu, na mlango wa mbao ya giza huukatiza kabisa. Kwa sababu hiyo dakika bora za kichochoro cha namna hii haziko wakati jua linapochomoza. Huja nusu saa hadi saa moja baadaye, wakati jua limekwisha kuziwasha kingo za juu za kuta na rangi ya dhahabu ikaanza kuteremka polepole hadi usawa wa daka. Wapiga picha wengi wakati huo wamekwisha kurudi kunywa chai, na hilo ni kosa la kusikitisha, kwa kuwa wamengoja gizani na kuondoka mwanga unapofika.

Njia zinazoshuka baharini hufuata kanuni nyingine. Kwa kuwa mbele ya mji huelekea mashariki, kwenye mlango wa bahari unaotenganisha Lamu na kisiwa cha Manda, jua huweza kupenya katika baadhi ya njia hizo kwa urefu wake wote, likamulika sakafu ya mawe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hata hivyo jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima: mwezi Juni huchomoza takriban digrii 23 kaskazini mwa mashariki kamili, na mwezi Desemba digrii kama hizo kusini mwake, hivyo kila njia ina siku zake chache za kuingiwa na jua moja kwa moja, na kwa njia nyingi siku hizo huja mara mbili kwa mwaka. Mwenye kutaka picha hiyo hana budi kubeba dira, kupima mwelekeo wa njia, na kurudi katika mwezi unaostahili. Dira hiyohiyo itamsaidia kuisoma misikiti, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kamili ya Lamu na tofauti ya longitudo baina yake ni kama digrii moja tu. Kibla kwa hiyo kinaelekea kaskazini, na jua la asubuhi huipiga misikiti ubavuni, likiyaonyesha madirisha na milango ya upande huo kwa vivuli virefu.

Muda wa mwanga wa asubuhi ni mfupi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, ambako jua hupanda karibu wima, kwa kasi ya digrii 15 kwa saa, na hivyo huchukua dakika 25 hivi tu kutoka kwenye upeo hadi kimo cha digrii 6, ilhali London mwezi Machi safari hiyohiyo huhitaji kama dakika 40, na zaidi katika majira ya baridi. Mwangaza unaotangulia kuchomoza nao hupita haraka: kipindi ambacho jua liko chini ya upeo kwa digrii zisizozidi 6, ambacho macho huweza kutambua vitu bila taa na mbingu huwa na buluu nzito, hudumu dakika 21 au 22. Jua lenyewe huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi mwezi Novemba na hukaribia saa 12 na nusu mwezi Februari, tofauti inayotokana na umbo la njia ya dunia kulizunguka jua pamoja na mwinamo wa mhimili wake.

Wakazi wa Lamu wana saa nyingine iliyo ya kuaminika zaidi, nayo ni adhana. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hutofautisha alfajiri ya uongo, ambayo ni weupe unaosimama wima angani kisha kufifia, na alfajiri ya kweli, ambayo ni weupe unaotanda kwa mapana juu ya upeo na kuongezeka, na ni hii ya pili inayofungua wakati wa sala. Katika latitudo ya Lamu alfajiri ya kweli hutangulia kuchomoza kwa jua kwa muda unaozidi saa moja. Weupe wa kwanza ni jambo linalojulikana pia kwa wanajimu, ambao hulieleza kuwa ni mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi lililotawanyika kati ya sayari, nao huonekana vizuri zaidi katika nchi za tropiki kwa sababu husimama wima juu ya upeo. Mpiga picha aliyesimama ufukoni saa 11 alfajiri, katika usiku usio na mwezi wala mawingu, anaweza kuziona zote mbili zikifuatana, na akizijua hatakuwa na haja ya kuitazama simu yake.

Kuhusu mipangilio ya kamera hakuna mengi ya kusema. Tundu la lenzi, yaani mwanya unaopitisha mwanga, likiwekwa f/8 ili ukuta wa karibu na wa mbali vyote viwe dhahiri, na usikivu wa kihisi, unaoandikwa ISO, ukabaki 100 ili picha isijae chembechembe, kilango cha kamera kitahitaji kubaki wazi kwa sekunde kadhaa, hivyo tripodi, ambayo ni kitegemeo cha miguu mitatu, inahitajika, nayo lazima iwe nyembamba na yenye kukunjwa upesi ili isimzibie njia mtu au punda. Lenzi iliyolala katika chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu mara inapokutana na unyevunyevu wa pwani, hivyo inafaa ilazwe nje ya chumba hicho mapema, na chumvi ya upepo wa bahari ifutwe kila siku. Jambo linalostahili mjadala ni giza. Programu za kisasa huweza kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja, zilizopokea mwanga kwa viwango tofauti, na kuondoa vivuli vyote, hata kilichoko chini ya wikio. Matokeo yake ni mtaa usiokuwapo duniani. Giza la chini ya wikio ni kazi ya mjenzi, ndilo linaloufanya mtaa uwe baridi mchana na wenye stara usiku, na anayelifuta katika picha ameufuta pia usanifu aliokuja kuuonyesha.

Ufukoni, kalenda ya mwezi ina uzito sawa na ya jua. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kutoka kwa kiasi kikubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufikia mita 3 hivi, na maji hujaa karibu na saa 10 au 11 za alfajiri, hivyo jua linapochomoza bahari bado imejaa na majahazi yanaelea karibu na ukuta wa gati. Siku za maji mafu, ambazo ni za robo ya mwezi, tofauti hiyo hupungua na alfajiri huyakuta maji yakiwa chini, huku vyombo vidogo vikiwa vimekaa juu ya tope. Pepo nazo huleta mbingu zao: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huambatana na ukavu na anga lililo wazi, ilhali kusi huanza pamoja na masika, na mawingu yake mazito ya mwezi Mei huyafanya mapambazuko kuwa ya kijivu na kuta kuwa na madoa ya maji, sura ya Lamu ambayo wageni hawaipigi picha ingawa wenyeji huishi nayo kila mwaka.

Katika saa hizo zote mtaa unatumika. Wanaume huelekea msikitini kabla ya mwanga na kurudi wakati buluu ya mbingu inapopungua. Mahamri na vitumbua huanza kukaangwa, na moshi wake hunaswa na miale inayopenya baina ya nyumba. Muuza kahawa hupita na dele lake. Punda waliolala vichochoroni huamshwa kubeba mchanga, mawe na magunia. Wavuvi huleta samaki waliovuliwa usiku. Kila mmoja wa watu hawa anautumia utulivu kwa haja yake, na wengine wanautegemea utulivu huo kwa sababu ndio unaowapa stara. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha kwa kina jinsi suala la nani aonekane, na aonekane na nani, lilivyokuwa jambo la mabishano miongoni mwa Waislamu wa pwani, hasa kuhusiana na picha za wanawake.

Hapa ndipo ubora wa picha na ubora wa mwenendo vinapokuwa kitu kimoja. Wapo wapiga picha wanaoona kwamba wamelimaliza tatizo wakimpiga mwanamke aliyevaa buibui kwa nyuma, akiwa mbali, kwa hoja kwamba sura yake haionekani. Lakini katika mji ambao majirani hujuana kwa mwendo na mkoba, hoja hiyo haina nguvu, na zaidi ya hayo humgeuza mtu kuwa pambo la ukuta. Daka nalo si mali ya mtaa, hata likiwa halina lango, na mlango ulio wazi alfajiri umefunguliwa kwa ajili ya hewa, haukufunguliwa kwa ajili ya lenzi. Njia iliyo sahihi ni ndefu kidogo: kuwatolea sabalkheri wazee waliokaa barazani kabla ya kufungua mkoba, kueleza picha ni za nini, kungoja jibu, na kulikubali jibu hata likiwa la kukataa. Sheria iko upande huohuo, kwa kuwa Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu pia taarifa zinazomtambulisha mtu, ikitaka idhini ya mzazi au mlezi pale taarifa za mtoto zinapohusika. Lakini aliyengoja kukumbushwa na sheria amekwisha kuchelewa.

Lipo pia suala la utulivu ambao haukuwa wa hiari. Baada ya mashambulizi dhidi ya mji wa Mpeketoni mwezi Juni 2014, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima ya Lamu, nayo ilidumu kwa miezi. Na kuanzia tarehe 27 Machi 2020 hadi tarehe 20 Oktoba 2021 Kenya nzima ilikuwa chini ya amri kama hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Kwa mji ambao uvuvi wake mwingi hufanyika usiku, amri ya namna hiyo ilimaanisha mapato kukatika. Kichochoro cha alfajiri ya mwaka 2014 na kichochoro kilekile cha mwaka 2012 vingeweza kutoa picha mbili zisizotofautika, zenye ukuta uleule na buluu ileile, ilhali utupu wa moja ulitokana na usingizi na wa nyingine ulitokana na hofu na njaa. Kamera peke yake haina uwezo wa kuonyesha tofauti hiyo, na mpiga picha anayeichapisha picha ya pili bila maelezo, akiisifu kwa amani yake, anaeneza uongo hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo maandishi yanayoambatana na picha ni sehemu ya kazi yenyewe. Kuta za Lamu hubadilika: chokaa hubandukwa na saruji ikachukua nafasi yake, wikio huporomoka au hujengwa upya, orofa huongezwa, na mwanga wa kichochoro hubadilika pamoja nazo, kwa sababu kila ukuta unaopandishwa huisogeza mbele saa ya jua kufika chini. Picha iliyopigwa leo inaweza kumsaidia fundi atakayeitengeneza nyumba hiyo miaka 40 ijayo, lakini iwapo tu itajulikana ni ya wapi na ya lini. Anayekwenda Lamu na kamera aandike jina la mtaa, iwe Mkomani au Langoni, pamoja na tarehe, saa na upande ambao lenzi ilielekea, awaulize wenyeji jina la nyumba au msikiti unaoonekana, na kabla ya kuondoka aache nakala kwa wale waliomruhusu kupiga na nyingine katika Makumbusho ya Lamu.